JOTO LA MJI: PAA, LAMI NA HAKI YA MFANYAKAZI



Mwezi wa Mei 2010 mji wa Ahmedabad, magharibi ya India, ulipatwa na joto kali. Kipimo kilifika nyuzi 46.8 za Sentigredi. Wataalamu walipolinganisha vifo vya mwezi huo na vya Mei 2009 na Mei 2011, walikuta vimezidi kwa watu 1,344.

Mji huo unatuhusu sisi wa vyama. Ahmedabad ni mji uliokuzwa na viwanda vya nguo. Wafanyakazi wake waligoma mwaka 1918 wakidai nyongeza ya mishahara, na mwaka 1920 wakaunda chama chao.

Wengi husema joto ni kazi ya Mungu, halina wa kuulizwa. Jua ni kweli. Lakini jua hilo hilo likipiga mahali pawili, hapa huunguza na pale huvumilika. Tofauti inatokana na kile kilichoifunika ardhi.

Wenzetu wa mashamba ya chai wanalijua jambo hili kwa miguu yao. Ardhi iliyofunikwa na majani haichomi kama barabara. Mmea huvuta maji ardhini na kuyatoa hewani kama mvuke, na kazi hiyo hula sehemu kubwa ya joto la jua. Shamba tupu lililokauka halina maji hayo, nalo huwaka mchana. Lami na saruji ni mbaya zaidi, maana hulihifadhi joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, wakati mwili unataka kupumzika. Bati nalo hupata moto upesi na kulishusha joto vichwani mwa walio chini yake.

Satelaiti hupima joto la uso wa ardhi toka juu. Picha zake katika miji mikubwa huonyesha habari moja: mitaa ya viwanda yenye mapaa mapana, na mitaa ya nyumba zilizobanana, ndiyo yenye moto. Penye miti na maji pana nafuu. Joto hilo si lile linalotangazwa redioni, kwani joto la hewa hupimwa kivulini. Bati lililo juani laweza kulizidi joto la hewa kwa nyuzi 20 na zaidi. Basi redio ikisema nyuzi 32, aliye chini ya bati hajaambiwa habari yake yote.

Ahmedabad walifanya nini? Katika hospitali moja, wodi ya watoto wachanga ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Ilipohamishiwa chini, watoto waliougua kwa ajili ya joto walipungua sana. Mwaka 2013 mji ulitoa mpango wa joto: watu kuonywa mapema, maji ya kunywa kuwekwa mahali pa wengi, na waganga kufundishwa. Mwaka 2017 ikaanza kazi ya kupaka mapaa ya nyumba za maskini rangi nyeupe, maana weupe huyarudisha mwanga wa jua. Hakuna mtambo wa ghali hapo.

Nasi tuna pa kusimama. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 Shirika hilo liliuweka katika mikataba yake ya msingi. Kwa hiyo ndoo ya chokaa si ya kuchangishana.

Kila kamati ya tawi, mkutano ujao wa kujadili mkataba na mwajiri ukifika, iweke mezani madai haya:

1. Mapaa ya kiwanda na ya nyumba za kambi yapakwe rangi nyeupe, na matundu ya kutolea hewa ya moto yafunguliwe juu.
2. Miti ipandwe penye uwanja mtupu na mahali pa kungojea zamu, na iliyopo isikatwe ovyo.
3. Maji safi ya kunywa yawe karibu na kazi, kiwandani na shambani.
4. Saa za jua kali ziwe na mapumziko kivulini, bila kukatwa mshahara.

Mwajiri akijibu kwamba jua si lake, tumjibu kwamba bati ni lake.

Umoja ni nguvu.