Orodha ya Ndege wa Uani na Tatizo la Majina

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa muda mrefu limewasumbua wafasiri, walimu wa elimu ya viumbe na maofisa waandikao matangazo ya serikali. Jambo lenyewe ni namna ya kumtaja ndege mmoja kwa jina moja la Kiswahili lisiloweza kudhaniwa kuwa ni la ndege mwingine. Ili maelezo yasiwe ya nadharia tupu, tutalitazama tatizo hili kwa njia ya kazi ndogo ambayo mtu yeyote aweza kuifanya nyumbani kwake, nayo ni kuweka orodha ya mwaka ya ndege waonekanao uani.

Maana ya orodha ya uani

Orodha ya uani ni daftari ambamo mwenye nyumba huandika kila aina ya ndege aliyemwona au kumsikia ndani ya mipaka ya kiwanja chake, tangu tarehe 1 Januari hadi tarehe 31 Desemba. Mipaka hiyo huamuliwa mwanzoni mwa mwaka na haibadilishwi tena. Hali kadhalika huamuliwa mapema kama ndege apitaye angani juu ya kiwanja atahesabiwa au hatahesabiwa. Mbele ya kila jina huandikwa tarehe ya kwanza aliyoonekana ndege huyo, na baadaye hutiwa alama katika kila mwezi alioonekana tena. Vyombo vinavyohitajika ni daftari, kalamu na subira. Mwenye darubini atafaidika zaidi, lakini asiye nayo hazuiliki kufanya kazi hii.

Kanuni kuu ya orodha ni kwamba kila spishi ina mstari wake, na kila mstari una spishi moja tu. Kanuni hii yaonekana nyepesi, lakini ndiyo inayoyapima majina yetu. Katika mazungumzo ya kawaida mtu akisema "kijidege", msikilizaji hapotewi na kitu. Katika orodha neno hilo halina kazi, kwa sababu halisemi ni ndege yupi aliyekuja, ni yupi aliyeondoka, na ni yupi ambaye mwaka huu hakuonekana kabisa.

Historia ya sayansi yatupa mfano mzuri. Katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza, aliishi kasisi aitwaye Gilbert White (1720–1793), ambaye kwa miaka mingi aliandika habari za mimea, ndege na hali ya hewa katika bustani yake na viunga vya kijiji chake. Wakati huo vijidege fulani vya rangi ya kijani na manjano vilijulikana kwa jina moja tu. White alizisikiliza sauti zao, akawalinganisha ndege wenyewe, na mwaka 1768 alimwandikia mtaalamu mwenzake, Thomas Pennant, kwamba amethibitisha kuwa jina lile moja lilikuwa limefunika spishi tatu mbalimbali. Barua zake zilichapishwa katika kitabu mwaka 1789. Twajifunza hapa kwamba aliyegundua kasoro ya jina alikuwa mtu mwenye daftari uani kwake.

Mfano huu unatuhusu kuliko tunavyodhani. Mmojawapo wa ndege wale watatu, ambaye jina lake la kisayansi ni Phylloscopus trochilus, huukimbia ubaridi wa Ulaya kila mwaka na kuja Afrika. Hufika hata Kenya na Tanzania, akatafuta wadudu katika majani ya miti yetu. Mgeni huyu hutembelea nyua zetu kila mwaka, lakini wengi wetu hatuna jina la kumwita isipokuwa lile lile "kijidege".

Jina moja kwa ndege wengi

Tatizo la kwanza ni la jina moja kubeba spishi nyingi. Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni kunguru. Katika miji ya pwani yetu wako kunguru wa namna mbili wanaojulikana sana. Mmoja ni mwenyeji wa Afrika, mweusi, mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe, naye ndiye Corvus albus. Wa pili ni mwembamba zaidi, mweusi mwenye shingo ya kijivu, naye ni Corvus splendens. Huyu wa pili asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na tangu hapo amezagaa katika miji mingi ya pwani. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga na huchafua mazingira. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hawa wa kuletwa wapatao milioni moja. Sasa na tujiulize: tangazo la namna hiyo likitafsiriwa kwa Kiswahili na kusema "kunguru" tu, mwananchi atajuaje kwamba kunguru mwenye kifua cheupe hakukusudiwa? Hapa kasoro ya istilahi yaweza kumwua ndege asiye na hatia.

Mfano wa pili ni tai. Neno hili hutumika kwa ndege wakubwa wawindao kwa makucha, na watu wengi hulitumia pia kwa ndege walao mizoga, ingawa lugha inalo neno tumbusi kwa hao wa pili. Mwaka 2015 spishi nne za tumbusi wa Afrika zilitiwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sababu moja kubwa ni sumu ambayo watu huitia katika mizoga ili kuwaua simba na fisi wanaokamata mifugo. Afisa akiwaeleza wafugaji kwamba wawahifadhi "tai", huenda msikilizaji akamfikiria ndege anyakuaye wana-mbuzi, akashangaa kwa nini serikali inamtetea mwizi. Neno tumbusi lingemwondolea mashaka, kwani chakula kikuu cha tumbusi ni mzoga, na kwa kuumaliza haraka huisafisha nchi.

Mfano wa tatu ni mbayuwayu. Jina hili hupewa karibu kila ndege mdogo arukaye kwa kasi akidaka wadudu hewani. Lakini Hirundo rustica ni mgeni atokaye kaskazini; huanza kufika kwetu mnamo Septemba, na kufikia Mei wengi huwa wamekwisha kuondoka. Hirundo smithii ni mkaazi, naye hujenga kiota cha tope chini ya madaraja na barazani. Wa tatu, Apus affinis, hana hata ujamaa wa karibu na hao wawili. Miguu yake mifupi yaweza kujishikiza ukutani, lakini haiwezi kukaa juu ya waya wa simu kama wafanyavyo wenzake. Mwenye orodha akiandika "mbayuwayu" na kutia alama katika miezi yote kumi na miwili, daftari lake litasema kwamba ndege huyo hahami. Jina limelificha jambo lile lile ambalo orodha ilikusudiwa kulifichua.

Majina mengi kwa ndege mmoja

Tatizo la pili ni kinyume cha lile la kwanza. Ndege wa nyumbani ambaye huyu humwita shomoro, yule humwita jurawa. Hali hii si aibu kwa lugha. Ni utajiri wa lahaja zake. Hata hivyo orodha mbili za miji miwili haziwezi kulinganishwa mpaka ithibitike kwamba majina hayo yanamhusu ndege mmoja.

Wakati mwingine si lahaja inayomgawa ndege bali ni sura yake mwenyewe. Dume la chozi hung'aa kama chuma kilichosuguliwa, na jike lake mara nyingi ni la rangi ya majani makavu; asiyejua huwaandika katika mistari miwili. Yuko pia Vidua macroura, ambaye dume lake huota mkia mrefu mweusi wakati wa kuzaliana, kisha mkia huo hupukutika, akafanana na jike. Mtazamaji aliyemwita kwa mkia wake atadhani kwamba ndege mmoja amehama na mwingine amekuja, kumbe ni yule yule aliyevua joho.

Kanuni za kuunda majina

Kutokana na mifano hii twaweza kutoa mapendekezo matano kwa ajili ya wale wanaotafsiri au kubuni majina ya ndege.

Kwanza, tutafute kabla ya kubuni. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya ndege, nayo yametungwa kwa busara. Jina dudumizi laiga mlio wa ndege mwenyewe, na kigogota ametajwa kwa kazi yake ya kugotagota miti. Pia tunao hua, pugi, tetere na ninga, wote wakiwa katika jamii ya njiwa. Ni kosa kubwa mfasiri kuandika "njiwa mdogo" au "njiwa wa kijani" kabla ya kuuliza kama pugi na ninga hawatoshi.

Pili, jina likiwa pana mno, tulihifadhi na kuliongezea sifa badala ya kulitupa. Hivyo twaweza kusema kunguru kifua-cheupe na kunguru shingo-kijivu. Mwananchi ataitambua nomino aliyoizoea, na sifa itamwonyesha tofauti. Wako wanaomwita huyu wa pili kunguru wa Kihindi. Jina hilo laeleza asili yake, lakini halimsaidii mtazamaji aliye uani kumtambua kwa macho.

Tatu, sifa iliyochaguliwa iwe ya kudumu. Isitokane na pambo la dume peke yake, wala na rangi ya msimu mmoja, kama yalivyo mavazi ya Vidua macroura. Mlio, umbo la mdomo, mahali pa kujenga kiota na mwendo wa kuruka mara nyingi hufaa zaidi kuliko rangi.

Nne, tusichukue majina ya watu bila kufikiri. Lugha za Ulaya zina majina mengi ya ndege wetu yanayowatukuza wasafiri wa karne ya 19. Kasuku mdogo wa kaskazini mwa Tanzania, Agapornis fischeri, amepewa jina la msafiri wa Kijerumani Gustav Fischer. Jina la msafiri huyo halimwambii mwanafunzi lolote juu ya ndege. Wenye lugha hizo nao wameanza kulitafakari jambo hili: mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba kitayabadilisha majina ya kawaida ya ndege yaliyotokana na majina ya watu. Itakuwa ajabu ikiwa sisi tutayaingiza katika Kiswahili wakati wenyewe wanayaondoa katika lugha yao.

Tano, jina la kisayansi liandikwe kando ya jina la Kiswahili katika kila maandishi rasmi. Utaratibu wa majina ya maneno mawili, ambao kwa upande wa wanyama huhesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, haukusudiwi kuchukua nafasi ya lugha ya taifa. Kazi yake ni kuwa nanga: majina ya mahali mbalimbali yakifungwa kwenye nanga moja, hayawezi kupeperushwa huku na huko.

Matumizi katika daftari

Kwa hiyo twapendekeza kwamba daftari la ndege wa uani, hasa lile la shule, liwe na safu tano: jina la Kiswahili, jina litumikalo mahali hapo, pamoja na jina la lugha au lahaja yake, jina la kisayansi, tarehe ya kwanza ya kuonekana, na alama za miezi. Safu ya pili ndiyo yenye thamani kubwa kwa kazi ya istilahi. Mwanafunzi asimwulize mzee kwa kusoma neno kitabuni, bali amwonyeshe ndege mwenyewe na kumwuliza, "Huyu mwamwitaje?" Jibu la swali hilo, likiandikwa pamoja na mahali na tarehe, ni ushahidi ambao mtunga kamusi aliyeketi ofisini hawezi kuupata.

Ili waandikaji wasigongane, istilahi zifuatazo zaweza kutumika. Ndege mkaazi ni yule aonekanaye mahali pamoja mwaka mzima. Ndege mhamaji ni yule ajaye kwa msimu na kurudi alikotoka. Ndege mpitaji ni mhamaji asiyekaa, bali hupumzika siku chache akiwa safarini. Ndege wa kuletwa ni yule ambaye binadamu ndiye aliyemfikisha mahali pasipo asili yake. Kwa istilahi hizi nne pekee, mwenye daftari aweza kueleza sehemu kubwa ya mambo aliyoyaona.

Yafaa kukumbuka kwamba majina ya ndege hayahifadhiwi na kamusi peke yake. Kijana aliyekulia mjini na asiyewahi kuonyeshwa pugi hatalitumia neno pugi, na neno lisilotumika hufa hata kama limechapishwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Majina haya ni mali ya lugha yetu. Basi na tuyafungulie daftari wakati wazee wanaoyajua wangalipo, na ndege wenyewe wangali wanatua uani.