Nyangumi wa Loperot na kimo cha Konza

Konza, huko Ukambani nchini Kenya, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali pa nyasi kavu na vumbi. Hata hivyo, anayetaka kujua nyanda hizi za juu ziliinuka lini hana budi kumuuliza nyangumi. Mwaka 1964 James Mead alichimbua huko Loperot, magharibi mwa Turkana, fuvu la nyangumi lenye pua ndefu iliyochongoka kama mdomo wa ndege. Lilipelekwa Marekani, likasahaulika (makavazi nayo yana vilindi vyake), hadi Louis Jacobs alipolipata tena Harvard mwaka 2011. Utafiti wa 2015 uliliweka kwenye umri wa miaka milioni 17. Leo Loperot iko kilomita 740 kutoka pwani, na mita 620 juu ya bahari.

Ukoo wa mnyama huyu unaonekana kuwa ndio wenye uzito katika hoja kwamba alifika Loperot ardhi ikiwa bado chini. Ni ukoo wa wazamiaji wakuu: jamaa yake wa leo, nyangumi wa Cuvier, amewahi kupimwa akishuka karibu mita 3,000. Hategemei pumzi aliyoibana kifuani, kwa kuwa mapafu husinyaa kwa shinikizo la maji. Oksijeni huitunza katika damu na misuli, naye husaka ngisi gizani kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake. Mtu anaweza kupinga kwamba mazoea ya wajukuu si ushahidi wa mababu, na huenda yule wa kale hakuzama hivyo. Ni kweli, ila hoja haisimami juu ya kina. Inasimama juu ya mwili wa takriban mita saba, ambao hauwezi kupanda maporomoko.

Je, Loperot ya wakati huo haikuwa ghuba ya bahari? Mashapo yaliyomfunika ni ya mto. Basi alipotea njia, kama nyangumi wa ukoo huohuo aliyeingia mto Thames hadi katikati ya London Januari 2006, akafa. Kwa kulinganisha na miteremko ya mito ambayo nyangumi wamewahi kuingia, watafiti walikadiria kuwa Loperot ilikuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari. Kilichobaki ni mwinuko uliokuja baadaye.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nyangumi ni mmoja, na Turkana si Ukambani. Mmoja anatosha kutuambia ardhi ya Loperot haikuwa juu. Hatoshi kueleza nyanda zote. Hapo ndipo Yatta, mashariki ya Konza, inapotoa ushahidi wake: lava iliyotiririka miaka milioni 13.5 iliyopita kwa takriban kilomita 300, ikifuata bonde la mto. Kwa kukokotoa mteremko uliohitajika, wanajiolojia walipata kuwa chanzo chake kilikuwa tayari kwenye kimo cha angalau mita 1,400. Sehemu kubwa ya mwinuko, kwa hiyo, inaangukia kati ya nyangumi yule na lava ile.