Kuvuka Mpaka si Kuvuka Kodi

Wako wananchi wa nchi jirani waendao kufanya kazi ng'ambo wakidhani kuwa safari yenyewe huwaondolea kodi ya nyumbani. Sivyo.

Nchini Kenya, sheria hutazama makao na siku. Mwenye makao ya kudumu nchini, akiwapo humo hata siku moja katika mwaka, huhesabiwa kuwa mkaazi, na mshahara wa ng'ambo huingia katika hesabu ya kodi. Asiye na makao hayo huwa mkaazi akitimiza siku 183 katika mwaka, au wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyoutangulia.

Uganda, kama hapa kwetu Tanzania, ina vipimo vya namna hiyo, na kingine tena: mtumishi wa serikali aliyetumwa ng'ambo hubaki mkaazi. Basi askari aliyepelekwa na serikali yake asijifananishe na mwenzake aliyestaafu akaajiriwa ulinzi ugenini. Naye huyo mstaafu, akidai kuwa si mkaazi tena, na atunze pasipoti yenye mihuri, mkataba wa kazi na stakabadhi za kodi. Madai bila hati hayamwondolei mtu deni.