Anayelipia uzito: vyombo vya mavuno Rungwe

Ukiteremka kutoka Uyole kwenda Tukuyu kwa barabara inayoendelea hadi Kyela na mpaka wa Malawi, utaijua biashara ya Rungwe kwa vyombo vyake kabla hujaonja zao lolote. Ntokela na Isongole, kwenye baridi, magunia ya viazi mviringo yamesimamishwa kandokando ya lami, yanamfikia mtu mzima kifuani, na juu ya mdomo yamefungwa wavu wa kamba ulioshiba viazi vingine. Kiwira ni ndizi, mkungu kwa mkungu, hazihitaji chombo zaidi ya bodi la lori na majani makavu. Ukiingia maeneo ya chai, kama Katumba, utakuta wachumaji na matenga yao mgongoni. Na msimu wa parachichi ukifika, gari la mnunuzi wa Hass, aina inayosafirishwa nje, linapanda vijijini likiwa na kreti tupu za plastiki zilizopangwa kwa usafi kama vyombo vya harusi.

Wilaya ni moja, mvua ni ileile, na mara nyingi ukoo ni uleule: ndugu mmoja analima viazi juu, mwingine anachuma chai chini. Kwa nini basi chai na parachichi la kusafirishwa nje vimepata vyombo vilivyofikiriwa, ilhali kiazi kimebaki na gunia linalovunja migongo? Nimeufuata mzunguko wa kila zao, na jibu ninaloliona ni moja. Chombo hufikiriwa upya pale ambapo hasara yake inamwangukia mwenye fedha. Ikimwangukia mkulima peke yake, chombo hukaa vilevile miaka nenda rudi.

Tuanze na chai. Jani lililochumwa bado lina uhai, linapumua. Likishindiliwa kwenye mfuko usiopitisha hewa hupata joto, huanza kugeuka jekundu, na kiwanda hupoteza ubora kabla mashine haijawashwa. Zinahitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo kila mfuko ulioungua una maana kwenye hesabu za kiwanda. Ndiyo maana tenga lina matundu, na mfuko wa kubebea majani kwenye lori ni wa wavu, unajazwa bila kukandamizwa. Kituoni majani hupimwa kwa mizani na mkulima hulipwa kwa kilo. Rungwe wakulima wadogo walikwenda mbele zaidi: kupitia chama chao, RSTGA, waliingia kama wanahisa wa Wakulima Tea Company. Sisemi kwamba bei ya jani inatosha, maana hilo ni lalamiko kubwa linalostahili makala yake. Ninachosema ni kwamba hapo mezani hakuna anayegombania ukubwa wa mfuko, kwa sababu mfuko hauingii kwenye bei.

Parachichi linaeleza jambo hili vizuri zaidi, kwa kuwa tunda moja lina maisha mawili. Hass haliivi likiwa mtini. Huchumwa likiwa gumu, likiwa limekomaa, kwa mkasi na kikonyo kidogo kikiachwa. Mchubuko wa siku ile hauonekani. Unajitokeza wiki kadhaa baadaye, ganda likishalainika, kwenye rafu ya duka Ulaya, na bili inarudi kwa msafirishaji. Kwa hiyo msafirishaji mwenyewe huleta kreti ya kilo 20 hivi, hufundisha wachumaji, na anayejali zaidi hutumia mfuko wa kuchumia unaovaliwa begani, wenye kitako kinachofunguka. Mchumaji anauinamisha mfuko ndani ya kreti, anafungua kitako, na matunda yanateleza taratibu badala ya kudondoka. Ni mfuko rahisi kabisa: turubai, mkanda mpana, kamba na kulabu. Fundi yeyote mwenye cherehani imara pale Tukuyu anaweza kuushona, na mahitaji yataongezeka, kwa sababu China nayo ilitia saini mwaka 2022 makubaliano ya kufungua soko lake kwa parachichi la Tanzania.

Lakini parachichi la kienyeji, lililochumwa kwenye shamba lilelile, linaingia kwenye kiroba cha salfeti, linashindiliwa, linarushwa juu ya lori kwenda Dar es Salaam. Linafika limepondeka, na aliyelipoteza ni mama aliyeliuza kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi alishaikata hasara hiyo mapema kwenye bei aliyompa.

Mfano wa mbali unasaidia hapa. Kwa miongo mingi rubani aliingia kwenye ndege akibeba begi zito la ramani na vitabu vya viwanja. American Airlines walipokamilisha kuzihamishia karatasi hizo kwenye tableti mwaka 2013, begi waliloliondoa lilikuwa na kilo 16 au zaidi, na shirika lilikadiria kwamba litaokoa mafuta ya zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Mabega ya marubani yalikuwa yamelemewa siku zote. Lakini kilo zile zilikuwa pia kwenye bili ya mafuta ya shirika, kwa hiyo dawa ilipopatikana hakuna aliyesita.

Sasa turudi Ntokela, kwenye lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita mdomo na kufungwa wavu juu. Gunia la viazi linanunuliwa kwa gunia, si kwa kilo. Mpakiaji analipwa kwa gunia. Nauli ya lori inahesabiwa kwa gunia, na pale ushuru unapotozwa kwa gunia, basi kila kilo ya ziada imesafiri bure hadi sokoni. Kila hatua anayopitia mnunuzi inampa sababu ya kutaka gunia liwe kubwa zaidi. Ndipo unaposikia shambani, “Baba, ongeza, hapo bado,” na baba anaongeza, kwa kuwa viazi vimeshachimbwa, mvua inanyesha, na mnunuzi mwingine hajulikani atakuja lini. Tufanye hesabu ya mfano. Magunia 10 yaliyoshindiliwa hadi kilo 140 kila moja ni kilo 1,400, yaani magunia 14 ya kilo 100. Mkulima amelipwa 10. Mbegu, mbolea, dawa ya ukungu na vibarua vya magunia manne vimeondoka na wavu ule wa juu.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo, inazuia kufungasha mazao zaidi ya kilo 100, na kila msimu tunasikia matamko ya kupiga vita lumbesa. Naunga mkono matamko hayo, ila naona yanaanzia mahali pasipo sahihi. Kwanza, kilo 100 zenyewe ni nyingi mno kwa mgongo wa binadamu. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba pale mtu mzima mwanamume anapobebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe kupunguza. Vijana wanaopakia magari usiku pale Isongole wanabeba, wawili wawili, gunia lenye zaidi ya mara mbili ya hapo, kwenye ubao unaoteleza kwa tope, na bado kila mmoja anavuka kilo hizo 55. Pili, ukaguzi barabarani unamkuta mkulima ameshauza. Kinachotakiwa ni chombo ambacho hakikubali kudanganya tangu shambani.

Wakenya walijaribu. Kanuni zao za viazi za mwaka 2019 ziliweka gunia la kilo 50, na madalali walizipinga kwa nguvu, jambo linaloonyesha wazi ni nani aliyekuwa akifaidi ukubwa wa gunia la zamani. Gunia la kilo 50 lina faida ambazo mkulima wa Rungwe anazielewa bila semina. Mtu mmoja analiinua. Bodaboda inalipandisha kutoka bondeni hadi barabarani bila kukodi fuso. Likishonwa mdomo kwa mashine, hakuna pa kufunga wavu. Na kwa kuwa kiazi kinahitaji hewa lakini kinaogopa mwanga, unaokigeuza kijani na kukitia uchungu wenye sumu, kitambaa chake kinapaswa kufumwa kwa nafasi ndogo ndogo, kisiwe salfeti iliyokazwa wala wavu mtupu.

Gunia peke yake halitoshi. Bila bei ya kilo, dalali ataomba mawili kwa bei ya moja. Kwa hiyo halmashauri ianze na kile kilicho mikononi mwake: itoze ushuru kwa thamani iliyopimwa wala si kwa kuhesabu magunia, na iweke mizani kwenye vituo vya kuuzia viazi vya Ntokela na Isongole, chini ya ushirika wa wakulima wenyewe. Mwaka 2017 serikali ilishusha ushuru wa mazao ya chakula hadi asilimia 2. Asilimia ya thamani haihesabiki kwa haki pasipo mizani.

Wala hiyo mizani si kitu kigeni Rungwe. Kutoka Ntokela hadi kwenye vituo vya chai si safari ya siku nzima, na huko mizani ya kuning’iniza imekuwa ikifanya kazi mbele ya macho ya wakulima miaka mingi. Ndoano yake inaweza kupokea gunia la kilo 50 la viazi kesho asubuhi. La kilo 140 hakuna mtu anayeweza kulinyanyua peke yake hadi lifike kwenye ndoano.