Usingizi wa Usiku na Akili za Wazee Wetu

Huku Majengo ziko nyumba zenye mzee asinziaye barazani mchana kutwa, na usiku huamka, akavaa koti lake, akataka kufunguliwa mlango aende kihambani kwake, hali kihamba kile alikwisha kuwagawia wanawe zamani. Wa nyumbani husema, "Ni uzee tu." Wengine, nasi twasikitika kuyaandika haya mbele ya Wakristo, hunong'ona habari za uchawi.

Hayo ni maradhi ya ubongo. Katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, jirani zetu, wataalamu walipima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakaona 78 wana ugonjwa huu wa kusahau. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2013. Basi wengi wa wazee hawaupati. Nao uzee peke yake hauutoshi kuuleta.

Je, usingizi wahusika namna gani? Uingereza, watumishi wa serikali wapata 8,000 waliangaliwa muda wa miaka 25, na habari zao zikatolewa mwaka 2021. Wale walioendelea kulala saa 6 au pungufu kila usiku, tangu umri wa miaka 50 hata 70, hatari yao ilizidi kwa sehemu 30 katika 100 kupita ya wale waliolala saa 7. Haina maana kwamba watu 30 katika kila 100 watapatwa. Wala haijathibitika kwamba kukosa usingizi ndiko kuletako ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huanza kuharibu usingizi miaka mingi kabla haujaonekana.

Twamfikiri hasa binti au mkwe akeshaye na mzee, na alfajiri awahi sokoni. Yeye naye yu karibu na miaka 50. Twadhani haifai aachiwe zamu zote, na ndugu wa kiume wakilala hata jua kuchomoza. Eliya alipochoka jangwani hakukemewa kwa kulala. Alilishwa, akalala tena.

Mzee na aketi juani asubuhi, apewe kazi ndogo ya mikono, asiachwe kusinzia mchana kutwa. Mbege ya jioni humlaza upesi, kisha humwamsha usiku wa manane. Na chai ya majani inywewe mapema. Dawa za usingizi asinunuliwe dukani pasipo mganga, maana huwaangusha wazee na kuwazidishia kuchanganyikiwa. Akoromaye sana na kukatwa pumzi usingizini aonwe na mganga.

Lakini mzee aliyekuwa mzima juzi, na leo amechanganyikiwa ghafula, apelekwe hospitali siku ile ile. Yamkini ni malaria, au homa ya mapafu, au ugonjwa wa njia ya mkojo, na hayo yana dawa.