Figo Katika Nchi Kame ya Dodoma

Mgeni aingiaye Dodoma mwezi wa Septemba, mvua zikiwa zimekwisha kukatika tangu masika na upepo ukipeperusha vumbi, hushikwa na kiu kabla hajatua mzigo. Lakini figo zake mbili, kila moja kadiri ya ngumi, zimekwisha kupokea amri ya homoni itokayo ubongoni, nazo hurudisha maji katika damu na kutoa mkojo haba, wa manjano iliyokolea. Kwa siku moja figo huchuja takriban lita 180, na karibu zote hurudi mwilini, hata mkojo aghalabu usizidi lita mbili. Fauka ya hayo, husawazisha chumvi na shinikizo la damu, na ndizo zitoazo homoni iuamrishayo uboho kutengeneza chembe nyekundu; ndiyo sababu mgonjwa wa figo hupungukiwa damu hata akila vizuri.

Msiba ni kwamba kiungo hiki hakilalamiki: mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake, naye angali akipalilia zabibu zake Hombolo wala asihisi kitu. Kisukari na presha ndio maadui wakubwa. Matabibu huusia tupunguze chumvi, nasi huipunguza ile ya kwenye kikopo, tukausahau mlenda uliotiwa magadi, ilhali magadi nayo yana sodiamu ile ile. Lakini linalonitia hofu zaidi ni vidonge vya maumivu, diklofenaki na jamaa zake, vinunuliwavyo dukani kwa ajili ya mgongo uliochoshwa na jembe, vikamezwa wiki baada ya wiki. Dawa hizo hupunguza damu iingiayo katika figo, na mwili ukiwa umekaushwa na jua madhara huzidi.

Kweli, mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ilianza kupandikiza figo kwa msaada wa madaktari wa shirika la tiba la Tokushukai kutoka Japani, miezi michache baada ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kutangulia Novemba 2017. Ni neema kubwa. Walakini sharti apatikane ndugu wa kutoa figo yake, na asiyempata hubaki na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kwa muda wa yapata saa nne kila mara, safari ambayo mkulima wa Kongwa au Mpwapwa haiwezi.

Kipimo cha awali cha figo ni chepesi mno: kijiti huchovywa katika kikopo cha mkojo, na kiraka chake cha manjano kikigeuka kijani, protini inavuja. Basi, msomaji mwenye presha au kisukari, uendapo kuchukua dawa zako usiondoke kabla hujaomba kipimo hicho, pamoja na kile cha kreatinini, taka ambayo figo huiondoa, katika damu.