Mapendo: kiziwi anaulizwa kwa mdomo, nani anajibu?

Katika mtaa wa Mapendo, hapa Goma, msaada unaanza na maswali. Karani akikuta kiziwi bila mkalimani wa lugha ya ishara, anamuuliza mtoto wake au jirani, na majibu ya huyo ndiyo yanaandikwa kwenye orodha.

Mashirika mengi ya kiutu hutumia maswali 6 ya Kundi la Washington. Moja linauliza kama mtu anapata shida kuelewana na wengine katika lugha yake ya kawaida. Hapo ndipo penye mtego: kiziwi anayeelewana vizuri na wenzake kwa ishara atajibu hapana, ingawa karani mwenyewe hamwelewi hata neno moja.

Pensheni ya ulemavu ya CNSS ni ya walioandikishwa kazini. Mama kiziwi anayeuza makala barabarani anabaki na orodha hizo tu.

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za walemavu, na Katiba, kifungu cha 49, inawaahidi ulinzi wa pekee. Mkalimani mmoja siku ya kuandikisha angetosha kuanza. Halafu namba zionyeshwe kwenye ubao, maana siku ya kugawa, majina yakiitwa kwa megafoni, kiziwi anaweza kukosa zamu yake akiwa amesimama palepale.